Hela ya Kiti cha Saba

Walisimama wote, Bi Odessa, mawakili wakasimama, karani akaacha kuchapa akasimama, askari wa mlangoni akanyooka, na jaji mwenyewe na joho lake akasimama, na mimi nikageuka nyuma nione ni mkubwa gani anaingia, kumbe nyuma yangu kuna Bi Maudine tu, yule aliyekuwa anaendesha basi la shule, hata mimi alinibeba mpaka nilipoacha darasa la tisa, akaninong'oneza, "Tembea mwanangu, wamesimama kwa ajili yetu sisi."

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita na mpaka leo sijaizoea. Kila tukiingia sisi kumi na wawili wa baraza, raia tulioitwa kuamua kesi, wanasimama. Mshtakiwa naye anasimama, shati lake bado lina mikunjo ya kwenye pakiti, mikono anaikandamiza mezani, na tukishakubaliana sisi ndiyo ataenda jela au atarudi kwao, na anasimama kwa heshima ya mtu kama mimi ninayepanga mbao kiwandani kwa Tuttle. Naomba unisaidie Bi Odessa, wewe unayewajibu watu gazetini, maana mimi kuongea siwezi, na mtu wa kumuuliza sina. Kesi yenyewe sikwambii, jaji ametukataza kabisa. Nakwambia ya hela tu.

Miaka miwili iliyopita niliitwa vile vile. Wakati ule malipo yalikuwa dola kumi na tano kwa siku, basi sisi wote wa vibarua tulipanga foleni mbele ya jaji, huyu mpishi, huyu anafua hotelini, kila mmoja anasema mheshimiwa nikikaa hapa sitalipa kodi ya nyumba, na jaji akawa anasema nenda, nenda, nenda. Walibaki wenye mashamba na waliostaafu. Safari hii nilishanyanyua mkono nusu ili niseme maneno yale yale, karani akasoma karatasi kwamba kuanzia tarehe moja mwezi huu kaunti imepandisha, ni dola tisini na tano kwa siku, tangu siku ya kwanza. Mkono ukashuka wenyewe. Kwa Tuttle napata themanini na tano. Hesabu hiyo hata mimi naiweza, napata kumi zaidi, nakaa kwenye kiti chenye mto, kahawa bure, donati bure, masikio hayavumi kwa msumeno, na watu wanasimama nikiingia.

Basi jana tumefungiwa chumbani tuamue, na lazima wote kumi na wawili tukubaliane. Tukaandika vikaratasi, vikatiwa kwenye kofia, Bi Maudine ndiye kiongozi wetu akavisoma, kumi na moja neno moja, na kimoja kimeandikwa "bado." Akauliza ni nani, nikanyoosha kidole. Akasema, "Kwa nini, mwanangu?" Nikasema, "Sijui. Bado tu."

Lakini nilikuwa najua. Kuna picha moja walituonyesha, sikwambii ya nini, ila mtu anayeshika mbao kila siku anaona kitu pale, na wale wengine hawakioni. Nikitaka kusema maneno hayapangiki, halafu kuna Verl Stroud, ana matrekta matatu na anaongea kama redio, yeye nyasi zake za ng'ombe ameshazikata zimelala shambani na mvua inasemekana Alhamisi, kwa hiyo kila saa anachungulia dirishani. Akanigeukia.

"Dogo, kwa Tuttle wanakupa ngapi kwa siku?"

Nikamwambia ukweli.

"Ohoo! Tumekwisha jamani! Dogo amepandishwa cheo! Hapa tunakula Krismasi wote!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kwa aibu tu. Mzee mmoja akasema, "Mwacheni amalize donati zake kwanza," wakacheka tena. Halafu Verl akaacha kucheka, akasema taratibu, "Zingekuwa zile dola kumi na tano, ungeshakubali tangu asubuhi."

Bi Maudine akasema, "Verl, hebu mwache mtoto wa watu," lakini hata yeye aliangalia kikombe chake, hakuniangalia mimi.

Tangu hapo najiuliza, je, anasema kweli? Nimejaribu kujifanya nalipwa kumi na tano halafu niifikirie ile picha, na picha ni ile ile. Lakini ngoja niungame Bi Odessa, leo asubuhi nimepita duka la viatu, buti zangu zimepasuka vidoleni, nikasimama dirishani kuna buti za dola mia na arobaini, nikajikuta nahesabu siku. Nilihesabu siku! Mtu amekandamiza mikono mezani na mimi nahesabu siku za buti. Sasa nitajuaje kama hii "bado" yangu ni ya kichwa au ya miguu?

Na kuna karatasi karani ametugawia, ukitaka unatia saini hela yako inarudi kwenye mfuko wa watoto wa kaunti. Verl ametia yake, saini kubwa, akaipeperusha watu waione. Nauliza hivi, nitie na mimi ndiyo niendelee kusema bado? Au niache tu, nikubali na wao yaishe?

Nakuandikia ndani ya pikapu yangu hapa uwanja wa mahakama, tumepewa saa moja ya kula, barua nitaitumbukiza chini ya mlango wa gazeti lenu hapo ng'ambo. Naona askari wa mlangoni ametoka kwenye ngazi ananionyesha saa yake. Lazima niende sasa, maana wakiwa kumi na mmoja hawaruhusiwi kuanza, watakaa wote wananisubiri mimi, na mimi sijawahi kusubiriwa na mtu.

Kiti cha Saba

*

Kiti cha Saba,

Kwanza nikugombeze. Jaji amekwambia usiongee na mtu, na wewe kati ya watu wote umemchagua mwanamke anayekula kwa kuchapisha barua za watu! Ya chumbani nayo ni ya kesi, mwanangu, hata ukiyaita ya hela. Barua yako niliisoma mpaka pale ulipoandika "kesi yenyewe sikwambii," nikasema lo, nikaikunja nikaitia kwenye droo chini ya kopo la biskuti. Nimeifungua Ijumaa, jaji alipowaruhusu mwende zenu na midomo yenu. Na hata ningetaka kukujibu, gazeti hili linatoka Alhamisi, na wewe ulitaka jibu kabla ya saa saba na nusu mchana. Ulifikiri ningepiga mluzi kutoka dirishani?

Sasa tuongee. Verl amesema nusu ya ukweli. Zingekuwa dola kumi na tano usingekuwa na "bado" yoyote, kwa sababu usingekuwemo humo. Ungetoka siku ya kwanza na ule mkono wako nusu, na kiti cha saba angekaa mwenye nyasi mwingine, na ile picha ingetazamwa na watu kumi na wawili ambao mbao wanaziona zikiwa tayari zimekuwa meza. Kaunti imebishana miaka mingapi juu ya hela hiyo! Imepita kwa kura moja. Ilikuwa ya kumwingiza mtu kama wewe, na umeingia.

Umetazama buti, ndiyo. Mimi kanisani natazama kofia za wenzangu na bado nasali. Na huyo Verl aliyekuwa anatazama mawingu, mbona hakuna aliyemuuliza kama uhakika wake alipewa na mvua? Nyasi za shamba zima ni zaidi ya dola kumi, nakuhakikishia.

Kosa lako mimi naliona mahali pengine. Umeona kitu ambacho wenzako hawakukiona, umeulizwa kwa upole na mama aliyekubeba kwenye basi lake, ukamjibu "sijui." Unajua halafu unasema sijui, na mshtakiwa amekaa chini pale anakungoja! Verl alikutajia hela kwa sababu hukumpa kitu kingine cha kubishana nacho. Maneno yako hayana shule, sawa. Kidole kinao uwezo wa kugusa picha. Unasema "hapa," basi.

Hayo ndiyo ningekwambia. Lakini mwandishi wetu aliyekaa mahakamani aliniletea habari ya Jumatano, kwamba baraza limepeleka kikaratasi kwa jaji, wanaomba waletewe picha namba kumi na nne na kioo cha kukuzia. Wakati ule sikuelewa. Ijumaa nilipomaliza kusoma barua yako niliitafuta tena habari ile ya Jumatano. Kumbe ulishasema, bila mimi. Mlitoka na neno moja wote kumi na wawili, na yule wa shati lenye mikunjo ametoka kwa mlango wa mbele, mama yake amemshika mkono. Na Alhamisi mvua ilinyesha, kama ilivyosemekana, na Verl alikuwa bado yumo chumbani na ninyi. Hilo nalo mpe heshima yake.

Sasa nisikilize. Ile karatasi ya kurudisha hela usitie saini. Verl ana matrekta matatu, atie anavyotaka. Wewe ukirudisha kwa aibu, mwakani waheshimiwa wa kaunti watasema kumbe hawazihitaji, na mpishi na anayefua hotelini watapanga foleni tena mbele ya jaji. Hundi ikifika ipeleke benki siku hiyo hiyo. Nunua buti, zile zile za dirishani, uzivae kwa Tuttle mbele ya watu. Ukiulizwa, sema ulilipwa kwa kazi. Na Bi Maudine mpitie nyumbani, umshukuru kwa kukuuliza.

Jina lako silitaki. Ijumaa ile mlipokuwa mnashuka ngazi za mahakama nilikuwa hapa dirishani, na sikujua wewe ni yupi kati ya wale kumi na wawili. Nilisimama. Mchapaji wetu akaniuliza, "Vipi, Odessa, unaondoka?" Nikamwambia nanyoosha mgongo.