Mirija Mitatu Iliyobaki Buluu

Jumanne, siku ya kumi na mbili ya Ramadhani. Mvua inapiga mtaa wetu wa Nyakabiga tangu alasiri.

Naogopa.

Leo kwenye maabara tulikuwa tunachunguza kimeng'enya cha mate kinafanya kazi vizuri wapi: kwenye asidi, kwenye besi, au katikati, pH 7. Unachanganya mate na uji wa wanga, halafu unadondoshea iodini. Wanga ukiwepo, rangi inakuwa buluu nzito. Mate yakishaumeng'enya, buluu haitokei tena. Kila meza mtu mmoja anatoa mate. Kwa kimbelembele changu nikamwambia Divine, mwenzangu, kwamba nitatoa mimi. Sikutaka mtu aseme sisi tukifunga hatuwezi kazi.

Saa nne mdomo ulikuwa mkavu kabisa. Nilitema na kutema, mate hayakufika hata nusu ya kipimo. Divine alipogeuka nikaongezea maji ya bomba mpaka kwenye mstari.

Mirija yote mitatu ya kioo ikabaki buluu. Hata ya pH 7.

Divine alikuwa ameenda kuosha vikombe. Nikamwaga mirija haraka, nikaandika dakika za buluu kupotea nilizozikumbuka kutoka kwenye daftari la zamani la kaka yangu. Juu ya karatasi kuna majina mawili, langu na la Divine.

Madamu wa biolojia aliisoma akafurahi, akaninyooshea kidole. "Très bien! Kesho mutarudilia mbele ya classe yote, na mate ya uyu uyu."

Divine akanikumbatia. "We, unaona? Mi nilijua tutapata!"

Akianguka biolojia tena, anarudia mwaka. Sifuri yangu ni yake pia.

Wakati wa kufuturu sikugusa hata sambusa. "Mbona aukule, mutoto wangu? We uko mugonjwa?" mama akauliza. Nikasema ni uchovu tu. Uongo wa pili kwa siku moja.

Nimewaza kesho nijifanye mgonjwa kweli. Lakini basi Divine atasimama pale peke yake, akijibu maswali ya kitu asichokijua. Hapana. Nitamsubiri getini kabla ya kengele, nimwambie yeye kwanza, kisha nimwambie Madamu kwamba Divine hakujua lolote.

Tangu alfajiri mpaka magharibi sikumeza hata tone la maji. Lakini funga yangu ya leo, bado ninayo?