Sanduku Tupu na Mlango wa Choo

Baraka, tarehe 12 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Mwavita,

Asalaam alaikum. Mgongo wako unaendeleaje? Na watoto, wameizoea baridi ya Lubumbashi? Sisi ni wazima, alhamdulillahi, ila mvua inamsumbua Mama kuanika visamaki vyake vya ndakala.

Uliniuliza habari za shule yetu ya Kiislamu. Mwaka huu imeanza kufuata viwango vya ubora: kazi inapangwa, inaandikwa, inakaguliwa, na kosa linasahihishwa. Mkuu wetu, Maalim Sumaili, alisema hayo si mageni kwetu, maana kazi ni amana, na shura ni kusikilizana. Akatundika sanduku la maoni ukutani.

Lilikaa tupu miezi miwili. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba kusengenya ni haramu, basi kila mmoja aliogopa dhambi. Wakaguzi wa ubora nao, wakija, wangeandika kwamba hatuna lalamiko.

Lakini choo cha wasichana hakikuwa na mlango. Rafiki yangu Anastasie, Mkristo anayesoma nasi, alikuwa akikosa shule katika siku zake za mwezi, kisha akaacha kuja kabisa. Nilimfuata kwao.

“Mi sirudi kama mulango haiko,” aliniambia. “Ao dini yenu inakataza kusema choo haina mulango?”

Kesho yake nikamwuliza Maalim kama kusema hivyo ni dhambi. Alicheka mpaka akavua miwani.

“Mwanangu, kusengenya ni kusema muntu mwenye haiko pale. Mulango haiko pale, ni kweli, lakini mulango si muntu.”

Kisha akaivaa tena miwani. Akasema sanduku tupu ni kosa lake, kwa kuwa hakutuuliza kwa nini hatuandiki.

Niliandika, nikatia jina langu. Jumatatu ya wiki iliyopita aliisoma karatasi yangu mbele ya shule nzima, akaiingiza katika daftari la ubora kama kosa la uongozi, wakaguzi walione. Jana fundi seremala Bertin alikuja kupima mahali pa mlango. Nilimwomba asisahau komeo la ndani.

Nilimpelekea Anastasie habari. Aliniomba madaftari yangu ili anakili masomo yaliyompita.

Nisalimie Bibi Amisa na binamu zangu, hasa Zalia. Mungu akufungulie milango yote ya heri, na huu wetu atujalie ufungike vizuri.

Binti wa kaka yako, akupendaye daima,
Mwajabu