Masomo Kwanza, Alisema Mama Yako

Mume wangu, Baba Nassor,

Kompyuta yako imekufa. Nakwambia bila kuzunguka kwa sababu wewe mwenyewe hukupenda maneno marefu. Kila nilipokwambia imezeeka ulinijibu bado nzima, huku ukiipiga kofi ubavuni ipate kuwaka. Betri ilishakufa zamani, vibonye vingine vimeng'oka, na feni yake ikinguruma hadi majirani wote wa hapa Gombani wakijua mwalimu yuko kazini. Hukutaka kusikia. Ulikuwa mbishi, Mungu akurehemu.

Nimo ndani ya eda yako. Sitoki, sipaki wanja, sikai na mwanamume asiye maharimu wangu. Siku ile wanaume walikubeba wakaondoka, sisi wanawake tukabaki ndani tukisikiliza miguu yao ikipotea njiani. Sikufika kaburini. Tangu hapo sijapata pahala pa kukuagia, ndiyo maana nakuandikia.

Mwanao Nassor alipoambiwa kompyuta inazimikazimika, akatuma mpya kutoka Dar es Salaam. Walimu wenzako nao walikuwa wakiyaulizia yale masomo ya hesabu uliyojirekodi, yale ya watoto wa Kojani wanaofuatana na baba zao kwenda dago, wakalala kambi za uvuvi, na wakirudi skuli imeshawaacha mbali. Unakumbuka ulivyokuwa ukirekodi chumbani, ubao umeuegemeza kabatini, na mimi nikikatazwa hata kupita na ndoo? Chumba changu mwenyewe, lakini nilikuwa nikinyata ndani yake mithili ya mwizi.

Basi tukamwita Hamadi aje kuhamisha vitu. Ulimsomesha mwenyewe huko Kojani. Sasa ni mtu mzima, ana duka lake la kompyuta Chake Chake. Akaketi barazani na kompyuta zote mbili. Mimi nikawa ndani, nyuma ya pazia, na mama yako ubavuni pangu na tasbihi yake, na dada zako wawili mkekani. Hamadi akawa anasoma majina ya mafolda, nami najibu ichukuliwe hii, iachwe ile. Tukaenda hivyo vizuri tu, mpaka akasema ameona nyengine imeandikwa Kilua.

Wewe mwanamume wewe. Hukufikiria kwamba iko siku fundi atalisoma jina hilo kwa sauti mbele ya mama yako?

Zilikuwa sauti zako za Unguja, za ule wakati ulipokwenda kusoma. Kila ukimaliza kula ulikuwa ukinitumia sauti kwenye simu, ukinihadithia mchuzi wao usio na ladha, kisha unateremsha sauti na kuniita kilua chako, ua la kuvaa nguoni. Ulizikusanya zote ukaziweka kwenye kompyuta, ukasema simu hupotea. Na kweli, yangu ilipotumbukia kisimani sikulia, nikijua maneno yangu yako kwako.

Hamadi akatwambia diski ina hali mbaya, huenda isifike mwisho, kwa hiyo tuchague kitakachotangulia. Jina lile lilinijaa mdomoni, Baba Nassor. Lakini nitalisemaje? Mjane wa eda, mbele ya mkwe na mawifi, anamwagiza mwanafunzi wa mumewe amtangulizie maneno ya mapenzi? Nikawa bado natafuta pa kuanzia, mama yako akasema:

"Masomo kwanza. Elimu ni sadaka inayomfuata mwanangu kaburini."

Hakukosea. Nikaitikia, ewaa, masomo kwanza, na ile sauti niliyoitoa sikuijua.

Masomo yakapita moja baada ya jengine. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, Hamadi akaenda msikitini akarudi, akasema yamekamilika yote, sasa anaingia Kilua. Nilijifunika uso na mtandio nisionekane nilivyofurahi. Hapo hapo umeme ukakatika. Mpya ikaendelea kwa betri yake, ya kwako ikazimika, na umeme uliporudi ikakataa kuwaka. Akaichukua dukani, akaifungua, akaibembeleza, na kesho yake akaja kutwambia diski imekufa, hakuna cha kuokoa.

Nililia kuliko siku ya maziko. Siku ya maziko nilikuwa nimepigwa na bumbuwazi. Hii nililia nikiwa na akili zangu. Mama yako akawa ananituliza, akidhani nalilia kompyuta, akasema chombo ni chombo tu. Nilimkasirikia kimoyomoyo, kisha nikamwangalia anavyoivuta tasbihi yake nikaona haya, maana aliyezikwa ni mwanawe. Nikakukasirikia wewe badala yake. Ungekubali kununua nyengine tangu mwanzo!

Hamadi akasema kabla hajayapeleka masomo skuli ni bora ayajaribu. Akabonyeza, na sauti yako ikaingia mpaka ndani. Ulikuwa unafundisha theluthi, chaki inagonga ubao, unasema andikeni tatu chini, msiandike juu. Mara kwa mbali nikajisikia mimi mwenyewe, niko jikoni:

"Baba Nassor, chai inapoa."

Chaki ikasimama. Ukacheka. Ukawaambia watoto, "Ngojeni hapo hapo. Huyu akiniita, mimi siwezi kumwambia asubiri."

Kisha miguu yako ikatoka chumbani. Ubao ukabaki peke yake, na kutoka jikoni tukasikika mimi na wewe tukizungumza, maneno hayashikiki, kicheko tu ndicho kinachofika. Muda mrefu. Sikumbuki tulichekea nini.

Barazani Hamadi akakohoa. Akauliza kwa adabu kama akikate kipande hicho, maana si somo. Dada zako wakainamisha macho. Mama yako kasimamisha tasbihi. Nikasema mimi, kwa sauti iliyopita pazia na baraza ikafika njiani:

"Usikikate. Wape watoto hivyo hivyo."

Basi pumzika, baba wa mwanangu. Mola akupanulie hapo ulipo. Huko Kojani na madagoni watakuwa wakikusikia ukiwaacha na hesabu zao, ukija kwangu.

Mimi niliyekuita,
Mkeo, Mama Nassor