Sahihi za Asubuhi

Jumatatu, 4 Agosti

Mwenzangu,

Leo nimeanza ziara ya matawi ya waangalizi wetu wa kura, ile uliyokuwa uifanye wewe. Matawi matano, na kura ni tarehe ishirini na tatu. Mdogo wako ndiye anaendesha. Amekivuta kiti cha dereva mbele kabisa, mfupi huyu. Nilitaka kumwambia akiache pale ulipokiacha wewe. Lakini mtu hawezi kukanyaga breki kwa ncha za vidole.

Tawi la kwanza wanakutana nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Watu kumi na wanne, wamekalia ndoo za rangi zilizopinduliwa. Nimewaeleza kazi ya mwangalizi: kukaa, kutazama, kuandika, kutogombana na mtu. Muda haukutosha kwa zaidi ya hapo, maana kila mmoja alitaka kwanza kunipa pole.

Jumatano, 6 Agosti

Tawi la pili, kwa fundi cherehani. Vyerehani vimesukumwa ukutani, vipande vya vitambaa vimejaa sakafuni. Nikawaomba waigize siku nzima ya kura, tangu kufungua kituo hadi kubandika matokeo. Boksi la viatu likawa sanduku la kura.

Kabla hata kura moja haijaingia, fundi akavuta fomu ya matokeo, tupu kabisa, akaitia sahihi. Akampa wa pembeni yake, naye akasaini. Nikauliza, mnafanya nini?

"Tunamaliza mapema, mama," fundi akasema. "Jioni watu hoi, wengine wana watoto nyumbani. Msimamizi wa kituo atajaza hesabu, sisi tumeshatoka."

Nani kawafundisha hivyo?

Wakatazamana. Fundi akajibu taratibu, kama mtu anayenikabidhi zawadi. "Marehemu mwenyewe."

Nikasema tupumzike kidogo, nikatoka nje.

Nakujua. Uliwahurumia. Hata dukani ulikuwa ukipisha kila mtu kwenye foleni mpaka nakuja kukutafuta. Lakini fomu tupu yenye sahihi — yeyote mwenye kalamu anaijaza apendavyo, na sahihi za waangalizi zinasema ni kweli.

Niliporudi ndani sikulisema. Nikasema tutalizungumza siku nyingine. Siku ipi? Wamebaki wanafanya vilevile.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemweleza shemeji garini. Tulipofika kituo cha mafuta akaniambia kaka yake ana miezi mitano tu kaburini, nisimfukue kwa ajili ya karatasi. "Waambie sheria imebadilika. Nani ataenda kupekua?"

Nimelifikiria hilo mchana kutwa. Linaingia akilini.

Jumamosi, 9 Agosti

Tawi la tatu, chumba cha kusubiria cha zahanati ya zamani. Picha yako iko ukutani, ile uliyofumba jicho moja. Kiongozi wao ni nesi mstaafu, miwani imening'inia kifuani.

Nikawaambia: sheria imebadilika, siku hizi hatusaini mapema. Wote wakaandika. Kasoro nesi.

"Imebadilika lini, mwanangu? Kijitabu changu kina miaka kumi, na kinasema sahihi baada ya kuhesabu. Nilimwambia mumeo. Akacheka, akasema, dada, wewe unataka watu walale hapa."

Naisikia kabisa sauti yako ikisema hivyo.

Nesi hakukaa. Akauliza: mara iliyopita mbunge alipita kwa kura kumi na moja. Fomu ya kituo chao waliisaini saa moja asubuhi. Ilijazwa nini? Mwashi mmoja akamkatiza, mwache marehemu apumzike, bibi. Naye akamjibu, "Marehemu sijamgusa. Nauliza fomu."

Wote wakanigeukia mimi.

Nikasema sheria haijabadilika, nimewadanganya sasa hivi. Nikasema mume wangu alikosea. Walioketi nyuma hawakusikia, ikabidi nirudie. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Mwashi akachukua kofia yake akaondoka.

Jumapili, 10 Agosti

Nesi anataka barua. Nakala kwa matawi yote matano na moja kwa ofisi ya uchaguzi: kwamba sahihi zetu za mara iliyopita zilitolewa kabla ya kuhesabu, na nani alitufundisha. Maneno ya mdomo, anasema, yatafika kwa fundi cherehani yamekuwa hadithi nyingine.

Shemeji amesema nikiiandika, nitafute dereva mwingine. Pia kasema tutachekwa, waangalizi wa haki tulioharibu wenyewe. Hapo hakukosea.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi, meza ya jikoni. Nimeandika barua mara tatu. Ya kwanza ilisema "tulifundishwa" tu, bila mtu. Ya pili ilikusifu ukurasa mzima kabla ya kufika kwenye kosa. Nimezichana zote mbili. Hii ya tatu ni fupi. Jina lako liko mstari wa nne, kamili, na langu chini yake, kwa kuwa nami nilinyamaza kwa fundi.

Gari limesimama nje. Ni shemeji, injini inaunguruma, hashuki. Sijui kaja kunipeleka tawi la nne au kuniachia funguo. Natoka na barua mkononi, ataiona.

Usinihukumu kwa mstari huo mmoja wenye jina lako. Nikumbuke kwa miaka yetu yote.