Kiberiti Kando ya Ufa

Balangdalalu, 15 Septemba 2024

Mwanangu Violeth,

Tumsifu Yesu Kristo. Naamini umeitikia, hata kama uko katikati ya makatapila. Kifua kimepona na lile vumbi la Mpanda? Sisi hapa tuko salama. Baba yako anakohoa kidogo asubuhi ila anakula. Ng'ombe yule mwekundu amezaa ndama jike.

Naandika kwa kidole kimoja tangu tutoke kanisani, kwa hiyo nikikosea unisamehe. Kuna jambo, mwanangu. Ukuta wa kigango, ule wa upande wetu kina mama, una ufa. Unaanzia juu karibu na bati, unashuka hadi dirishani. Niliuona wakati wa mahubiri, nikawa nautazama badala ya kusikiliza, Mungu anisamehe. Nilipomwambia baba yako alicheka. "Hilaria, udongo wetu mweusi kila kiangazi unapasuka, na kuta zinapasuka nao. Mvua ikija ufa unajifunga. Nyumba gani hapa haina ufa?"

Nawe unajua ukuta ule ni kazi ya mikono yake, aliutoa kama sadaka. Ila picha nimekutumia. Itazame tu. Mwezi wa pili Baba Askofu anakuja kutoa Kipaimara, na watoto watajaa humo ndani.

Ni mimi mama yako.


Mpanda, 18 Septemba 2024

Mama yangu, shikamoo. Milele amina. Kifua kimepona, na baba mpe shikamoo yake.

Picha nimeipata, ila nusu yake ni kidole chako. Na hata bila kidole, picha moja haitoshi. Baba anaweza kuwa sahihi: ufa unaofunguka na kujifunga kwa majira hauna neno kubwa. Ninaouogopa ni ule unaozidi kwenda.

Tufanye kama tunavyofanya huku barabarani. Kila kalavati tunalipiga picha kwa simu, na ndani ya picha tunaweka kitu ambacho ukubwa wake unajulikana. Wewe tumia kiberiti. Kibandike kando ya ufa, simama kwenye mguu wa benchi la pili, siku zote hapohapo, upige baada ya misa. Halafu ivue simu lile kava la kitambaa, uiegemeze ubavu ukutani. Ile programu niliyokuwekea inasoma kama pimamaji la baba. Niandikie namba itakayotokea. Mimi nitazilaza picha moja juu ya nyingine kwenye simu yangu, nione kama kuna kilichosogea.

Sijasema ukuta ni mbaya, mama. Nasema tuutazame.

Mwanao.


Balangdalalu, 27 Oktoba 2024

Mwanangu mpenzi,

Amani ya Kristo iwe nawe. Unalala vizuri? Unasali? Usinijibu haraka, jibu kweli.

Picha umezipata zote. Huku sasa naitwa Mama Kiberiti. Jumapili iliyopita Juliana alinipigia kelele mbele ya watu, "Jamani mshikeni huyu, anataka kutuchomea kanisa!" Tukacheka mpaka machozi. Nilidhani mwenzangu wewe uinjinia wako uko kwenye vitabu vikubwa, kumbe uko nao mfukoni!

Baba yako hapendi. Anasema, "Injinia gani anapima ukuta wa Balangdalalu akiwa Mpanda? Mwambie maji ya ukuta ule alibeba yeye mwenyewe, kwa kile kindoo chake chekundu. Kama umeharibika, na yeye yumo." Alisema kwa utani, lakini chakula hakumaliza.

Na mimi roho inanisuta. Naingia nyumba ya Mungu, badala ya kupiga goti natafuta ufa. Je, huku si kumpima Mungu? Nilimuuliza katekista Joakimu. Akaniambia, "Mama Violeth, ukuta ule hakujenga Mungu. Kajenga mumeo Bura." Nikatulia kidogo.

Mama yako.


Mpanda, 30 Oktoba 2024

Mama, shikamoo. Nasali, ingawa si kama wewe.

Nimezilaza picha zako. Ufa umepanuka juu kuliko chini, na namba za simu zinasema ukuta unalalia nje, tena kuliko ulivyokuwa Septemba. Nilimwonyesha mkuu wangu wa kazi, mzee Herman. Alizitazama muda mrefu, halafu hakuniuliza habari za ukuta. Aliuliza, "Pale chini anakaa nani?" Nikamwambia, mama yangu.

Anasema tuendelee hadi mvua za kwanza. Udongo ule ukinywa maji unavimba: ama utaufunga ufa, ama utausukuma ukuta. Mwambie Joakimu, tafadhali. Kwa baba naona aibu kuandika. Nitamwambiaje fundi aliyenifundisha kushika timazi?

Mwanao.


Balangdalalu, 8 Desemba 2024

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo! Hapa ni furaha tupu, mvua imeshuka, mahindi tumepanda. Afya ni njema.

Nina habari nzuri. Kigango tumekipamba kwa ajili ya Baba Askofu. Wanaume wamechonga mabenchi mapya, na ukuta wetu baba yako ameupiga lipu kwa mkono wake, kuanzia juu hadi chini, halafu chokaa. Sisi kina mama tulichota maji huku tunaimba. Umekuwa mweupe kama kitambaa cha altare. Nilisimama pale penye benchi la pili na kiberiti changu, nikajicheka, kwa kuwa hakina tena pa kufanya kazi. Baba yako aliniona, akasema, "Haya, upige picha, umtumie injinia wako." Ndiyo hiyo. Unaona alivyosimama kando yake? Amechomekea shati.

Mama yako mwenye furaha.


Mpanda, 10 Desemba 2024

Mama, shikamoo.

Barua ya kwanza niliyoandika nimeifuta, ilikuwa na hasira. Ufa haujapona, mama. Umevishwa nguo. Kazi yote uliyonifanyia kwa kiberiti imezikwa chini ya lipu.

Ila nilipomweleza mzee Herman alisema, "Usilie. Mama yako ametupa kipimo." Lipu mpya haijui kunyumbuka. Ukuta ukiwa umetulia, utabaki mweupe hivyohivyo hadi Kipaimara, na mimi nitamwomba baba msamaha. Ukiwa bado unatembea, lipu itapasuka palepale, na juu ya chokaa hata uzi utauona. Ikipasuka, mtoto asiingie. Wala wewe. Niahidi.

Mwanao.


Mpanda, 26 Januari 2025

Mama, shikamoo. Habari za tangu Krismasi?

Mbona kimya? Unanitumia picha za ndama tu. Ndama nimemwona, ni mzuri. Nionyeshe ukuta.

Mwanao.


Balangdalalu, 24 Februari 2025

Mwanangu Violeth,

Amani kwako. Sisi ni wazima wote, naanza na hilo ili usiogope.

Kimya changu kilikuwa cha woga. Tangu Januari nilihama, nikawa nakaa mlangoni na wenye watoto wachanga, ili nisiutazame ukuta. Niliona nisipoutazama nitakuwa sijavunja ahadi. Lakini Jumatano ilikuwa zamu yangu ya kufagia, nikawa peke yangu nao. Ufa ulikuwepo, mwanangu. Mwembamba kama uzi, njia ileile, kutoka kwenye bati hadi dirishani. Nikatoa simu na kiberiti. Ndipo baba yako akaingia kuleta turubai la kivuli cha wageni.

"Unafanya nini?"

"Nafagia."

"Na kiberiti?"

Akasogea, akapitisha ukucha wake kwenye ule ufa kuanzia dirishani hadi alipofikia. Niliogopa kumtazama usoni. Halafu akasema, "Kiweke sawa basi. Lete, nitakishika mimi. Haya, piga."

Kwa hiyo kidole utakachokiona kwenye picha si changu. Ni cha baba yako.

Akaenda mwenyewe kwa Joakimu, mimi nyuma yake. Akamwambia, "Ukuta wangu umekataa. Watoto wasiingie." Joakimu akasema wageni wameshaalikwa. Baba yako akasema, "Nimeleta turubai."

Jana Kipaimara imefanyika nje. Mvua ikatunyeshea katikati ya nyimbo, watoto wakalowa na soksi zao nyeupe. Baba Askofu alicheka, akasema leo Roho amekuja na maji yake. Na ukuta, mwanangu, umesimama tu. Watu wakaanza, "Fundi Bura, mbona ukuta haujui kwamba simu imeshauhukumu?" Tangu jana hasemi. Mwandikie, nitamsomea.

Mama yako.


Mpanda, 26 Februari 2025

Baba yangu, shikamoo. Mama anakusomea, naomba asiruke neno.

Sijui ukuta utaanguka lini. Simu haikuniambia siku, iliniambia unakokwenda tu. Wanaokucheka wanakucheka kwa sababu watoto wao wamerudi nyumbani.

Ndoo nyekundu naikumbuka, ilikuwa inavuja. Kama ukuta una kosa, na mimi nimo. Nina swali moja tu la kikazi, fundi kwa fundi: msingi mliuchimba majira gani?

Mwanao.


Balangdalalu, 30 Machi 2025

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hali zetu njema, mahindi yamebeba.

Baba yako alitaka nimsomee, nikamaliza akasema rudia. Nikarudia. Baadaye akasema, "Mwambie tulichimba kiangazi. Udongo ulikuwa mgumu kama jiwe, sururu inaruka. Tukasema hapa pamefika, nyumba ya Mungu itakaa. Kumbe ugumu ule ulikuwa wa kiangazi tu." Akachukua nyundo. Matofali ya juu kabisa ameshusha mwenyewe, hakutaka kijana apande. Kisha wanaume wakaja, hata wale waliomcheka. Matofali mazima yamepangwa chini ya bati. Anakuuliza tuchimbe hadi wapi safari hii, na kama simu yako inaweza kujua. Anasema likizo uje na ndoo isiyovuja.

Leo baada ya misa nimesimama kwenye mguu wa benchi la pili, kama ulivyonielekeza. Ukuta haupo. Pale ulipokuwa naona mlima Hanang wote, hadi chini kwenye mashamba ya ngano. Nimekupigia picha. Kiberiti sikupata pa kukiweka, nimekishika mkononi.

Mama yako.