Eti Nithibitishe Mimi Si Roboti

Jumatatu, 10 Machi

Profesa kaja na mambo yake. Huyu tunayemwita Profesa ni mpwa wa bosi: kozi ya kompyuta miezi mitatu, maringo ya miaka thelathini. Ametuwekea VPN, programu ya kuficha tulipo, ofisi nzima. Kompyuta zote sasa zinaingia mtandaoni kupitia mlango mmoja wa nchi ya mbali, eti washindani wasituibie vitabu. Nani aibe? Vitabu vya shule vya karatasi nyepesi hivyo! Simu nazo tunamwachia mlinzi asubuhi.

Nikafungua mtandao nitafute neno moja tu. Onyo: kuna shughuli zisizo za kawaida, thibitisha wewe si roboti. Chagua picha zenye pikipiki. Nikachagua. Chagua tena. Je, kioo cha pembeni ni pikipiki au si pikipiki? Haisemi. Mashine pumbavu.

Jumanne, 11 Machi

Sasa si mzaha. Nahariri kitabu cha sayansi, darasa la nne. Picha ya uyoga mweupe, chini yake: uyoga huu unaliwa. Una pete shingoni na kama kikombe kwenye kitako. Mimi si mtaalamu wa uyoga, lakini roho imekataa. Nimempigia mwandishi kwa simu ya ofisi. Kasema aliiokota tu mtandaoni, hakumbuki wapi, niache wasiwasi. Na huyo ni daktari wa elimu, jamani!

Nataka kujua picha ilitoka wapi. Onyo lilelile: taa za barabarani. Vivuko. Mabasi. Asubuhi nzima nachagua mabasi! Nyumbani nimejaribu kwa simu bila picha yenyewe, maana imebaki kwenye kompyuta ya ofisi — uyoga mweupe upo chungu nzima, na wote sura moja. Binti yangu yuko darasa la nne. Kitabu hiki atapewa yeye.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwomba Profesa azime VPN dakika mbili. Kacheka. Dada, kubofya tu kunakushinda? Nywila anayo peke yake.

Nikachungulia skrini yake: mistari inakimbia yenyewe. Ni nini? Akajibu kwa fahari — kaprogramu kake, kanatafuta jina la mjomba mchana na usiku ili lipande juu kwenye matokeo ya utafutaji. Kupitia mlango huohuo, ndiyo maana tunashukiwa sote!

Kumbe roboti tunaye. Sisi tunaapa kutwa nzima kuwa ni watu, na huyu mpuuzi kafuga roboti kwenye kona. Nimemweleza bosi. Kauliza jina lake limefika namba ngapi.

Alhamisi, 13 Machi

Bado. Ngazi, madaraja, baiskeli. Bosi kasema kitabu kinaingia mtamboni kuchapwa kesho, nisimletee mkosi. Mkosi! Nimelia chooni kwa hasira.

Ijumaa, 14 Machi

Mtambo wa chini umeanza, sakafu inatetemeka. Na mimi nimepenya! Picha ileile, tovuti ya chuo fulani, fuvu la kichwa pembeni. Sumu. Unaua ini, unaua mtu.

Nimeshuka mbio kwa fundi mtambo. Kasema yeye anasikia neno la bosi tu. Nikapanda kwa bosi: simamisha kwanza! Eti hasimamishi kwa maneno ya mtu, aone kwa macho yake. Kaja, kanitoa kitini, kabofya hovyo, ukurasa ukapotea. Onyo. Thibitisha wewe si roboti.

Profesa katoka kula. Tumempigia — simu yake ikalia mezani kwa mlinzi.

Nimesema, bosi, nimeiona kwa macho yangu, mtoto akila hafiki hospitali. Kaniinulia mkono ninyamaze. Hii naiweza, mama, tulia.

Naandika nimesimama nyuma yake, maana nisipoandika nitamtukana. Kaambiwa achague ngazi, kachagua uzio. Karudishwa mwanzo. Anatoa jasho, anaitukana mashine, wala hageuki. Fundi mtambo kapiga kelele toka chini: karatasi zinaisha!

Bosi kajibu, macho kwenye pikipiki: mpelekeeni nyingine!