Picha ya Figo za Masanja

Jumatatu, 7 Machi
Chupa za mkojo kutwa nzima, watu wazima wa kijiji cha Sapiwi. Kuchuja, kuweka chini ya hadubini, kuhesabu mayai ya kichocho. Nyingine nyekundu kama juisi ya rozela. Macho yanauma. Silalamiki. Tangu nipunguzwe kazi hospitali ya wilaya, utafiti huu ndio unaonilisha mimi na mama.

Jumatano, 9 Machi
Mashine ya kupiga picha za figo na kibofu imefika, inatumia umeme wa jenereta. Watu hawatoshi. Daktari anayeongoza utafiti akataka kila mfanyakazi alete ndugu. Nimemleta kaka Masanja. Alikuwa anapiga pamba dawa, hakutaka. Anakojoa damu miaka mingi, anasema wanaume wote wa huku wako hivyo. Nikambembeleza.

Daktari alipitisha kifaa ubavuni, akarudia.
"Mnaona nini?" Masanja akauliza.
"Majibu yatatoka utafiti ukiisha."
Akapewa mche wa sabuni, akaondoka. Baadaye nikasoma fomu. Mirija ya mkojo imeziba. Figo zote mbili zimevimba.

Alhamisi, 10 Machi
Nimemwomba Daktari tumwambie. Amekataa. Wagonjwa wakijua watakimbilia matibabu, hesabu zake zitaharibika. Kisha akanikumbusha mkataba wangu unaisha mwezi huu, na hawatabaki wote.
Nikarudi kwenye hadubini.

Jumapili, 20 Machi
Kwa kaka, baada ya misa. Hakula. Miguu imevimba. Mwenye duka la dawa anamchoma sindano za kisonono, maana siku hizi mwenye duka ndiye daktari. Wifi Minza amehamia kulala na watoto. Anaamini mumewe ana mwanamke mjini. Hamwangalii usoni.
Ningeweza kusema pale pale. Nilikunywa uji wao, nikaaga. Mwoga mkubwa mimi.

Jumanne, 29 Machi
Nimesaini mkataba mpya. Miaka miwili. Mama amefurahi.

Alhamisi, 31 Machi
Wifi kaja maabara anahema. Masanja anatapika tangu jana, mkojo hautoki. Nikaichukua fomu kabatini bila kumwuliza mtu. Tukapata lori la mchele linalokwenda Mwanza.

Njiani kaka aliiona karatasi mkononi mwangu.
"Ya lini hii?"
"Siku ile ya mashine."
Alihesabu kwa vidole, taratibu.
"Wiki tatu, Kabula?"
Wifi aligeuza uso, akatazama magunia.

Alhamisi, 7 Aprili
Wamemtoboa ubavuni, wameweka mpira, mkojo unateremka kwenye mfuko. Figo moja imekufa. Ya pili wanaipigania. Daktari bingwa wa huku amemweleza wifi kwamba si kisonono, ni kichocho kilichokaa miaka. Wifi alilia, akashika miguu ya mumewe. Nilikuwa mlangoni. Hakuna aliyeniambia niingie. Bingwa aliuliza kwa nini tulichelewa. Nilisema lori.
Hata hapo nilidanganya.

Jumatatu, 11 Aprili
Nimerudi Bariadi, kwenye maabara yetu. Nimefukuzwa. Wizi wa nyaraka za utafiti. Nilimwambia Daktari mwizi ni yeye, kaiba figo ya kaka yangu. Nilipiga kelele mpaka watu wa foleni wakasimama. Maneno mazuri. Yangefaa tarehe kumi mwezi uliopita.
Namchukia. Na mkataba nilisaini mwenyewe, kwa mkono huu.

Jumamosi, 28 Mei
Pamba imepasuka. Nimekwenda kuwachumia, maana kaka haruhusiwi kuinama. Alikuwa amekaa kivulini, anatenga pamba safi na chafu.
"Mwangaluka, kaka."
Akaitikia. Basi.
Nilichuma na wifi hadi mchana. Tukiwa katikati ya shamba akaniambia, kwa sauti ndogo, kwamba mpira ulitolewa juzi. Asubuhi hii amekojoa mwenyewe. Mkojo mweupe, hauna damu.
Nikageuka kumtazama kaka. Alikuwa anatazama pamba yake. Nikaendelea na mstari wangu.